Nawapenda, Ndiyo Maana Nawahamisha

Siku zile mtu akinigongea mlango akauliza, "Gavana yupo?" nilikuwa namjibu kwamba magavana wote walishaondoka zamani na bendera zao, awafuate huko huko. Wengine walicheka. Wengine waliomba angalau wapige picha na mlango. Naapa, na mlango! Mlango wenyewe umepauka na kitasa chake kinashikiliwa na waya, lakini mtu mzima anasimama pembeni yake, anaingiza kidevu shingoni, anajipiga picha, anaondoka na furaha zake.

Gavana waliyemtaka ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama yetu. Ni mwembamba, anaogopa mbwa, na hajawahi kutawala hata kuku. Kazi yake ni kutia sauti tamthilia za nje. Anaingia kwenye kichumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa magodoro, anavaa vitu vya kusikilizia masikioni, anamtazama mzungu kwenye skrini akifumbua mdomo, na yeye anaujaza mdomo huo Kiswahili mpaka ufumbe. Maneno yakizidi mdomo, kosa. Yakipungua, kosa vile vile.

Tamthilia iliyotuponza inahusu himaya ya kubuni yenye meli, mizinga na visiwa ambavyo watu wake hawana kazi nyingine ila kupigwa. Gavana wa himaya hiyo anavaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba na kofia ya manyoya. Anahamisha vijiji kupisha mashamba ya maua, halafu akirudi nyumbani anapiga kinanda huku analia, kwa sababu eti hakuna anayemwelewa. Basi hapo kwenye kulia ndipo watu walipomfia. Eti ana moyo. Waliochomewa nyumba humo ndani hawana hata majina, lakini yeye ana moyo.

Siku ya kwanza ya kurekodi, mdogo wangu alichemka. Alijaribu sauti nzito, bosi wa studio akamwambia anafanana na mtu anayenadi mitumba. Akajaribu nyembamba, akaambiwa huyo sasa ni mhasibu. Kulikuwa na mahali Gavana anasimama mbele ya wanakijiji kabla ya kuwafukuza, na midomo yake inaendelea kucheza wakati maneno yaliyotafsiriwa yameshakwisha. Walirudia na kurudia, kijasho kikamtoka. Mwishowe akaingiza kidevu shingoni, akaipitisha sauti puani, akasema kitu ambacho hakuandikiwa na mtu: "Watoto wangu, nawapenda sana. Ndiyo maana nawahamisha."

Wenzake walivunjika mbavu. Kisha wakatazamana, na bosi akapiga meza. "Huyo huyo! Umempata! Usimwachie!"

Mdogo wangu hakumpata hewani. Alimtoa kwenye karai letu la kuogea.

Mama alipokuwa msichana, afisa mmoja wa serikali ya kikoloni alikwenda kwao na askari, akawekewa kiti cha kukunja, akawaeleza kwamba ardhi yao inahitajika. Hakufoka, Mama alituambia. Alisema taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, kwamba anawapenda sana na ndiyo maana anawahamisha. Jua halijazama nyumba zao zilikuwa zinaungua. Habari hiyo Mama hakuwahi kutusimulia kwa machozi. Alituigizia. Wakati wa kuoga ukifika, sisi tumejificha uvunguni kwa kuogopa maji, yeye alijivika sufuria kichwani, akaingiza kidevu shingoni, akapita chumba kwa chumba akisema kwa pua, "Watoto wangu, nawapenda sana, ndiyo maana nawahamisha... kwenye karai!" Tulitoka kule chini tunakanyagana kwa kicheko. Mdogo wangu alikuwa anamfuata nyuma, amejivika kikombe, anamwiga Mama anayemwiga yule bwana. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche, nasikia na sauti ile.

Na ndiyo hiyo ikaingia sebuleni kwa kila mtu.

Mwanzoni Mama alifurahi kuliko sisi. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo tamthilia alikuwa anaisikiliza tu. Gavana aliposema maneno yale, alishtuka, akaangua kicheko. "Ala! Huyo si ni mimi?" Alicheka mpaka nikamkimbilia maji. "Yule bwana laiti angejua," akasema akijifuta macho, "miaka yote hii mimi namtumia kuogeshea watoto!"

Tamthilia ikashika moto. Mashabiki wakajiita Watiifu. Wakawa na fulana, wakawa na salamu yao ya kuinamisha kichwa, wakawa na magrupu ya simu ambako wanakesha wakibishana kama Gavana alikuwa mbaya kweli, maana jamani, si alijenga barabara? Nimemsikia kwa masikio yangu mzee mwenye mvi zake dukani akimtetea mtu asiyekuwepo kwa barabara isiyokuwepo. Wimbo wa mwanzo wa tamthilia, wenye tarumbeta na ngoma za kijeshi, ukawa unapigwa maharusi wakiingia ukumbini. Na ule msemo ndio usiseme. Kondakta anausema akikusogeza kiti, mwalimu anausema akimbadilisha mwanafunzi dawati. Watu wakaufanya mlio wa simu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni pale barazani. Watiifu walipoanza kuleta kitambaa cheupe wakitaka makoti ya Gavana, nilinuna, nikasonya, nikashona. Tumbo halina tamthilia.

Halafu Mama akaanza kupotea. Si kwamba alitoka nyumbani, hapana. Alianza kupotea humo humo kwenye kiti chake, kidogo kidogo. Kwanza majina ya majirani yakamtoka, kisha njia ya kwenda chooni, kisha mimi. Aliniita "mwenzangu". Alinipenda, alinisifu kwa uji wangu, ila hakujua kwamba amenizaa. Sitasema uongo, iliniuma, maana ninayemwosha, ninayembadilisha na kumgeuza ni mimi. Mdogo wangu tu ndiye ambaye hakumpotea. Kwa macho hamwoni, lakini akisikia tu "Shikamoo, Mama" pale mlangoni, uso unamfunguka. "Marahaba, mchekeshaji wangu! Umekula?" Kila siku hivyo. Mimi nilikuwa nasimama jikoni na wivu wangu, huku nashukuru kwamba bado kuna kamba moja iliyomshikilia.

Kamba hiyo ilikatika mchana mmoja, mbele ya cherehani yangu.

Karani mmoja wa benki, Mtiifu wa kindakindaki, alikuja kujaribisha koti lake. Mama alikuwa kwenye kiti chake akichambua vifungo kwenye kopo, kazi niliyompa ili mikono isikae bure. Karani alijigeuza huku na huku, pini zimemjaa mgongoni. Akamsogelea Mama kumwamkia. Mama akanyoosha mkono kama kawaida yake, akashika mkono wa koti, akapanda nao taratibu, mpaka vidole vikafika kwenye vifungo vya shaba. Vikasimama hapo. Na wakati huo huo simu ya karani ikalia mfukoni: "Watoto wangu, nawapenda sana. Ndiyo maana nawahamisha." Karani hakuipokea. Aliiacha ilie, anaipenda.

Mama alinyanyuka. Mtu ambaye kunyanyuka kwake huwa ni mimi na dua zangu, alinyanyuka peke yake. Akapapasa ukuta mpaka ndani. Nilimfuata nikamkuta anatandaza shuka sakafuni, anaweka sufuria, ndara zake, kipande cha sabuni. Akafunga furushi, akajitwika, akaja kusimama mlangoni na macho chini. "Tuko tayari, bwana mkubwa," akasema. "Ila msichome hii nyumba kwanza. Kuna mtoto ndani amelala."

"Jamani!" Karani akapiga makofi. "Kumbe bibi naye anaigiza!" Akatoa simu aanze kurekodi.

Sikumbuki vizuri nilichosema. Najua nilimtoa nje na pini zake mgongoni, na jirani wa ng'ambo alitokeza dirishani kuuliza kuna nini. Nilipomaliza kutukana nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira.

Mdogo wangu aliporudi kazini alimkuta Mama bado yuko pale mlangoni na furushi. "Shikamoo, Mama," akasema.

Mama akapiga magoti. "Shikamoo, bwana mkubwa," akamjibu.

Hebu fikiria. Mama yako mzazi akuamkie shikamoo, tena kwa magoti.  Mdogo wangu alimshika mabega amwinue, na Mama akajikunja akisubiri kofi. "Mama, ni mimi," akawa anasema, "mimi, mchekeshaji wako," na kila neno linalotoka linamzidishia Mama hofu, kwa sababu neno lenyewe limetoka kwenye koo lile lile la Gavana. Alijaribu kuibadilisha sauti. Alijaribu kunong'ona. Alimwimbia wimbo aliotuimbia utotoni, na Mama akaitikia, "Ndiyo, bwana." Mwisho akatoka nje, akaegemea ukuta, akaniuliza mimi, "Dada, sasa nimwambieje kwamba ni mimi?" 

Tangu siku hiyo Mama akagoma kula. Si kugoma kwa kiburi, afadhali kingekuwa kiburi. Anapokea sahani, anashukuru, ukigeuka chakula kimeingia kwenye furushi. Cha njiani, ananinong'oneza. Vidonge navyo humo humo. "Na wewe ficha chako, mwenzangu," ananiambia. "Hawa watu hawasemi tunapelekwa mbali kiasi gani." Daktari akaja, akampima, akasema bila kuzunguka kwamba mwili huu ukikaa hivi bila chakula na bila dawa, tusitegemee miujiza. Mifupa ya mabega ilikuwa imeshaanza kuonekana.

Mdogo wangu akapiga moyo konde, akaenda kwa bosi wa studio kuacha kazi. Alirudi amenywea. Bosi hakugomba hata kidogo, alimwagizia na chai. Alimwambia, "Ukitaka kuondoka ondoka, ndugu yangu, mlango ule pale. Lakini sauti ya Gavana ni ya kampuni, ulitia sahihi. Tunayo ya kutosha kwenye mashine, mashine itasema hata yale ambayo hujayasema. Sasa chagua, iseme ukiwepo au iseme usipokuwepo." Halafu akamshika bega. "Sisi tunakupenda hapa, unajua." Mdogo wangu anasema alitazama kuta zile za magodoro akaona zimesogea.

Akaja na wazo lingine. Watiifu walikuwa wanamwalika redioni kila mara, akakubali. Mimi na Mama tulikuwa nyumbani, redio nimeiweka jikoni, sauti chini kabisa. Akawaeleza ukweli wote, kwa sauti yake mwenyewe. Kwamba maneno yale si mzaha, yalisemwa kweli mbele ya watu wa kweli na nyumba zikaungua. Kwamba mama yake yuko nyumbani hataki kula, kwa sababu anayasikia kwenye simu za wapita njia. Akawaomba, kwa unyenyekevu kabisa, wayaache.

Wee! Si bora angenyamaza! Walilia redioni. Walipiga simu wakisema hii ndiyo stori bora kuliko zote, eti sasa Gavana ana mizizi. Kesho yake barabarani kwetu kulijaa watu wenye maua na keki, wamevaa makoti niliyoshona kwa mikono yangu hii, wanataka kumwona Mama wa Gavana. Wameshachapisha na fulana. Walipomwona mdogo wangu dirishani wakaimba wimbo wa himaya wote kwa pamoja, kwa mapenzi, nawaambieni, kwa mapenzi ya kweli kabisa, na kule chumbani Mama alikuwa ameingia uvunguni.

Tulimkuta amejibanza kule kwenye vumbi na furushi lake. Nilimwita, mdogo wangu akamwita, wapi. Mkono wake niliouvuta ulikuwa mwepesi kama kitambaa. Nilimwambia mdogo wangu, "Anakufa huyu. Anakufa huku tunamtazama."

Mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji, ili aone uso wake. Nikamwona anafumba macho. Nikamwona anaingiza kidevu shingoni. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajafanya, na sikumzuia.

"Toka," akasema kwa pua, taratibu, kwa upole ule ule. "Safari imeahirishwa. Toka ule. Ni amri."

Mama akatoka. Akakaa kitako, akapokea bakuli, akala uji wote bila kubakiza tone. Akameza vidonge vyake mbele yetu na kufungua mdomo kuonyesha kwamba vimeshuka. Nje bado walikuwa wanaimba. Mdogo wangu alikwenda chooni akatapika.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na ndivyo tunavyoishi. Watu hawadumu na kitu. Gavana aliuawa kwenye tamthilia, Watiifu wakavaa nyeusi, wakaweka maua nje ya studio, na haukupita muda wakapata tamthilia nyingine ya mfalme mwingine mwenye majonzi. Makoti meupe nimeyaona mitumbani. Mdogo wangu sasa anamtilia sauti dubu kwenye katuni za watoto na hakuna anayempiga picha. Mlango wetu umepumzika. Kila mtu amemsahau Gavana isipokuwa nyumba hii, ambamo anaripoti kazini kila mlo.

Anakuja asubuhi, mchana na jioni. Akijaribu kuja na sauti yake, Mama anafunga mdomo na vidonge vinarudi kwenye furushi. Tumejaribu, sana. Basi anasimama pale mlangoni, Mama anamwamkia shikamoo, na yeye, mtoto wa mwisho, aliyenyonya mpaka meno yakaota, anajibu, "Marahaba." Anaamuru, Mama anakula. Amenenepa, Mama. Daktari anatusifu.

Wiki iliyopita alimaliza uji wake wa mchana, akafuta mdomo, akakunja mikono mapajani. "Bwana mkubwa," akasema, "mimi nimekula kila ulichosema nile. Sijakusumbua. Sasa nirudishie mwanangu."

Mdogo wangu akanitazama.

"Ni kijana mwembamba," Mama akaendelea. "Hafai kwa kazi zenu za kubeba, mtamuua bure. Anachekesha watu tu. Alikuwa akija kila siku akiniamkia, tangu mlipokuja ninyi hajaja. Nirudishie."

Nilimwona mdogo wangu anafungua mdomo. Nilijua ni sauti yake mwenyewe iliyokuwa inapanda, maana kidevu kilikuwa bado kimeinuka. Macho yake yakaangukia vidonge ambavyo Mama alikuwa bado amevishika kiganjani, hajavimeza. Akaingiza kidevu shingoni.

"Kesho," akasema.

"Ahsante, bwana mkubwa." Mama akameza.

Mdogo wangu akatoka, akavuta pazia la mlangoni, na nilisikia hatua zake zikiishia pale pale upande wa pili. Mimi nilileta karai nimnawishe Mama miguu. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na sabuni ni ile ile ya mche. Akasikiliza kidogo kuhakikisha bwana mkubwa ameondoka. Akaniinamia sikioni.

"Mwenzangu. Unajua ni mwongo yule? Kesho yake haifiki. Lakini mimi nala tu, nipate nguvu, nikamtafute mtoto mwenyewe." Akanibana mkono. "Hebu tazama."

Akachukua bakuli tupu la uji, akajivika kichwani. Akaingiza kidevu shingoni, akapitisha sauti puani, akasema kwa kunong'ona, na macho yake yenye ukungu yakiwa yamejaa ucheshi ambao sikuwa nimeuona tangu apotee: "Watoto wangu, nawapenda sana, ndiyo maana nawahamisha... kwenye karai!"

Akaangua kicheko, ameziba mdomo kwa viganja viwili asisikike. Mabega yanamcheza. Mabaki ya uji yanamchuruzika kwenye paji la uso. Nilicheka, jamani, nilicheka mpaka nikaangusha sabuni majini.

Upepo ukasogeza pazia nikamwona mdogo wangu. Amesimama na ngumi mdomoni, anacheka na yeye, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na mkono wa pili umeshashika pazia kulifungua. Alitaka kuingia. Karai lile, bakuli lile, ni vyake kuliko vya mtu yeyote duniani.

Nikamtikisia kichwa. Akiingia, Mama atanyamaza na kupiga magoti. Akaliachia pazia.